Skrubu za Kidirisha cha Kushoto

Handeni,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Mjomba Jabiri, Mazinde.

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lililokuwa linakusumbua Desemba limepoa. Mimi ni mzima. Shule ilifunguliwa Jumatatu iliyopita, na bwenini maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Matokeo ya kidato cha pili yametoka. Nimepata daraja la kwanza, na fizikia nimepata A. Bibi anakusalimu, na anauliza ule ugoro uliomwahidi umeishia njiani au umeunusa wewe.

Simu haziruhusiwi hapa, ndiyo maana naandika. Barua nampa kondakta wa basi la Korogwe, ataiacha dukani kwa Bi Bhanumati, mahali ambapo watu wa Mazinde mnachukulia vifurushi vyenu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kidato cha tatu tunachagua mchepuo, sayansi au sanaa, na mzazi anasaini fomu. Siku moja kabla ya kusafiri nilimwekea mama fomu yangu mezani pale Kwamndolwa. Akaisukuma pembeni.

“Sayansi ya nini tena, Yusra? Ya kuvunja ndege za watu?”

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Akasema, “Unacheka. Mjomba wako amenieleza yote. Alikukataza tupa, ukaichukua, ukakwangua tundu, kioo cha watu kikapasuka. Kama si yeye kukuombea kwa Dhaval, leo tungekuwa tunaangaliana hapa?”

Mjomba, nataka nikueleze ninavyoikumbuka kazi yetu ya likizo ya Desemba, halafu uniambie palipo na uongo.

Ndege ya Bwana Dhaval ya kukagulia shamba lake la mkonge ina viti viwili, na juu yake pana kifuniko kimoja cha plastiki angavu ambacho sote tunakiita kioo. Ikikaa juani, ndani panakuwa kama jikoni. Lukasi mlinzi alikuwa akisema, “Bosi haendi kuangalia mkonge, anakwenda kujikausha.” Ndipo vikaagizwa vidirisha viwili vya hewa, vya duara, kila kimoja na kifuniko cha kuzungusha, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Mhandisi Isaka, yule anayekuja kutoka Tanga kuikagua ndege, alichora alama za mahali pa kutoboa, akakuachia kazi kwa sababu alikuamini.

Mimi nilikutafsiria karatasi ya maelekezo. Tulibandika tepu juu ya kioo ili kisikwaruzike. Wewe ulikata yale matundu mawili makubwa, taratibu, na mimi nikalainisha kingo kwa msasa wa maji, kwanza wa kukwaruza, halafu ule laini, mpaka kidole hakikukwama popote. Ulipitisha kidole chako mwenyewe ukasema, “Hapa hata nzi atateleza.” Tupa sikuigusa. Ilikuwa kwenye sanduku lako na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako.

Karatasi ilisema tukaze nati kwa vidole, tuongeze robo mzunguko, tuache hapo. Nilikusomea mara mbili. Ulinijibu, “Hiyo karatasi haijawahi kufunga korona.” Nilielewa. Umefunga korona, zile mashine za kuchakata mkonge, kwa miaka ishirini na miwili, na korona usipoikaza mpaka chuma kilie, inajifungua yenyewe kwa mtikisiko. Basi ukakaza mpaka skrubu zikalia. Za kulia zikalia, za kushoto zikalia.

Kesho yake ndege ilitolewa nje. Mchana ulinituma Mazinde kununua soda za baridi za kumpokea Bwana Dhaval. Niliporudi nilikuta ufa upande wa kulia, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye skrubu ya mbele na kwenda mpaka karibu na ukingo. Bwana Dhaval alinitazama akasema, “Haya, mtoto ni mtoto.” Sikujua anasema nini. Nilidhani ananihurumia kwa jua nililotembea. Nilimshukuru, mjomba. Nilimshukuru nikampa soda.

Mwalimu wa taaluma amesema fomu zirudi ifikapo tarehe 14 Machi. Asiye na fomu anahesabiwa wa sanaa, na mimi sasa hivi nimekaa huko. Mwandikie mama, au pita Kwamndolwa umwambie. Maneno machache tu yanatosha.

Mpwa wako,
Yusra


Mazinde,
2 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Yusra.

Marahaba mwanangu. Barua yako niliipata jana. Ilikaa dukani kwa Bi Bhanumati zaidi ya wiki chini ya katoni ya sabuni, mpaka sasa inanukia vizuri kuliko mimi. Goti halijambo. Mvua imegoma huku, mahindi ya bondeni yamejikunja majani. Mwambie bibi ugoro upo, sijapata wa kumpa aulete, maana kila ninayempa naye ana pua.

Hongera sana kwa daraja la kwanza. Nilimsomea Lukasi barua yako mpaka hapo kwenye matokeo, akasema ukoo wetu umepata mtu wa kusoma risiti.

Hayo mengine mwanangu usiyabebe. Kioo cha ndege ni mambo ya watu wazima na yameshaongelewa yakaisha. Bwana Dhaval hana kinyongo na wewe, na mama yako hasira zake unazijua, zinakuja kama mvua ya mawe na kuondoka vivyo hivyo. Sanaa nayo si mbaya. Kwa jinsi unavyobishana kwa karatasi, wewe ni mwanasheria mtupu.

Soma kwa bidii, swali, kula vizuri. Nimekuwekea ndani ya bahasha stempu mbili, ili usimtegemee kondakta.

Ni mimi mjomba wako,
Jabiri


Handeni,
9 Februari 2025

Kwa Mjomba Jabiri.

Shikamoo. Nimeipata barua yako pamoja na stempu, ahsante. Huku tuna homa ya mafua, bweni zima linakohoa. Mama aliniandikia wiki hii. Anasema bibi macho yanamsumbua, na mbuzi mmoja amezaa pacha. Kuhusu fomu ameandika mstari mmoja: “Mjomba wako hana sababu ya kunidanganya.”

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko barua yako yote.

Nilikuuliza palipo na uongo katika maelezo yangu. Hukusema nimekosea wapi. Hukusema kwamba nilishika tupa. Hukusema kwamba hukukaza. Umeandika habari za mahindi, sabuni na pua za watu. Ningekuwa mdogo zaidi ningecheka nikasahau, na nadhani ndicho ulichotaka.

Unakumbuka ule mviringo wa plastiki uliotoka kwenye tundu la kulia, ulionipa ukasema nifanye kifuniko cha kikombe? Nilikuja nao shuleni. Nilimweleza Mwalimu Kasmiri wa fizikia kwamba nataka kujaribu kitu, akaniazima drili ya mkono. Nilitoboa matundu mawili madogo yanayolingana. Nikatia skrubu mbili. Moja nilikaza kwa vidole na robo mzunguko. Nyingine nilikaza kama wewe, mpaka ikalia. Nikauweka mviringo juu ya paa la stoo ya jikoni, jua linapopiga moja kwa moja. Siku ya tatu, saa nane mchana, ufa ulikuwa umetoka kwenye skrubu iliyokazwa. Ile nyingine haina alama. Mwalimu alisema plastiki ikipata joto inatanuka kuliko chuma, na ikibanwa haina pa kwenda ila kupasuka. Aliniuliza nimepata wapi wazo hilo. Sikumwambia.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kwa neno moja. Kidirisha cha kushoto kikoje? Kilikazwa na mikono ileile, siku ileile. Kama kilichopasua kioo ni mikono yangu, basi kushoto nako nilipiga msasa.

Kila siku saa tatu asubuhi wenzangu wa sayansi wanabeba madaftari kwenda maabara, na mimi nabaki kwenye dawati nikiwatazama migongo. Sitaki stempu. Nataka umwambie mama.

Mpwa wako,
Yusra


Handeni,
23 Februari 2025

Kwa Mjomba Jabiri.

Shikamoo. Ninaandika shikamoo kwa sababu nilifundishwa kwamba mkubwa huamkiwa hata ukiwa na hasira naye. Sisi ni wazima. Natumaini na wewe ni mzima.

Wiki mbili zimepita. Kondakta anasema barua aliiacha dukani siku ileile, na Bi Bhanumati anasema Lukasi aliichukua. Kwa hiyo umeisoma.

Zimebaki wiki tatu kasoro siku mbili. Kidirisha cha kushoto kikoje?

Yusra


Mazinde,
Ijumaa, 28 Februari 2025

Kwa Yusra.

Marahaba. Huku wazima. Mwezi mtukufu unaingia kesho au keshokutwa, na mimi nilitaka kuingia nikiwa na moyo mweupe, lakini umeniandikia barua mbili kama karani wa mahakama.

Nani anakufundisha kumhoji mjomba wako hivyo? Huyo mwalimu wa skrubu? Mimi ndiye niliyekuchukua likizo wakati wasichana wenzako wanakaa kusuka. Mimi ndiye niliyekupa msasa, nikakuingiza kwenye banda la ndege ambalo hata watoto wa shamba hawaruhusiwi kuchungulia. Leo umejua plastiki inatanuka, unanitundikia juu ya paa la jikoni.

Haya, nikueleze kama mtu mzima, kwa kuwa unataka utu uzima. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye korona. Unajua maji ya mkonge yanavyokula ngozi? Uliza mama yako mikono yangu ilikuwaje. Bwana Dhaval alinitoa huko miaka miwili iliyopita akanipa ndege niitunze, niifute, niiwekee mafuta, nisimame kando yake nikiwa na viatu vikavu. Na alishasema mapema, aliyeharibu ndege yake anarudi alikotoka. Mtoto hana pa kurudishwa. Mtoto anasamehewa palepale, na kweli alikusamehe. Umepoteza nini? Umeitwa mtoto, na ndivyo ulivyo.

Na wewe ni Mzigua, usijifanye hujui. Kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Mtoto wa dada yangu ni wangu kabla hajawa wa baba yake. Zamani mjomba akikwama na watu, alikuwa anaweza kumtoa mpwa wake akafanye kazi kwao mpaka neno liishe, na hakuna aliyemuuliza. Mimi sikukutoa popote. Nilitaja jina lako tu.

Habari ya mama yako kukataa fomu sikuitarajia. Hiyo si kazi yangu, ni yake.

Na usiniulize tena kidirisha cha kushoto. Kiko salama, hakina hata mkwaruzo, kwa sababu nilizilegeza skrubu zake zote mchana uleule kabla bosi hajafika. Mimi ni fundi, najua ninachofanya.

Acha mambo haya yaishe.

Mjomba wako,
Jabiri


Handeni,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Mjomba Jabiri.

Shikamoo. Nakutakia mfungo mwema. Huku tunafuturu uji na viazi, na tunaofunga tumepewa meza yetu.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, nikairudia sehemu ya mwisho.

Ulizilegeza. Ulizilegeza kabla Bwana Dhaval hajafika. Mtu halegezi skrubu za kushoto kama anaamini mpwa wake ndiye aliyepasua kulia. Uliuona ufa, ukajua palepale umetoka wapi, na ukaniambia nikimbie Mazinde nikanunue soda. Bwana Dhaval hakuinywa hata hiyo soda. Aliiweka juu ya bawa la ndege ikapata joto. Ulinituma ili upate nafasi ya kushika bisibisi bila mimi kukuona, halafu upate nafasi ya kusema maneno bila mimi kuyasikia. Mpaka barua yako ilipofika nilikuwa bado najiambia labda uliogopa, ukasema kitu haraka, kikakutoka. Hakikukutoka. Ulikipanga muda wote nilipokuwa barabarani.

Unauliza nimepoteza nini. Nimepoteza wiki nane za fizikia na kemia. Mama yangu, aliyekuwa anawaambia majirani kwamba nina mikono ya fundi, sasa anawaambia nina mikono ya kuvunja. Bwana Dhaval ananijua kama msichana asiyesikia anapokatazwa. Hayo yote kwako ni jina tu.

Na kuhusu Wazigua. Bibi alinieleza habari za wajomba kabla yako. Alisema mpwa akivunja kitu cha watu, mjomba ndiye anayevaa kanzu na kwenda kuinama. Ndiyo sababu mjomba anaheshimiwa. Wewe ulivunja, ukanitanguliza mimi niiname. Na hao wapwa waliotolewa zamani, angalau walijua wametolewa. Mimi nilikuwa nimeshika chupa za soda.

Nimekasirika kiasi kwamba Matroni Evodia, anayesoma barua zetu kabla hazijatoka, ameniita ofisini baada ya kusoma hadi hapa. Nilidhani atanikataza. Ameufuta mstari mmoja tu hapo juu, utauona umechorwa wino mweusi, akasema, “Hilo neno haliandikwi kwa mjomba hata kama ni la kweli. Mengine yapeleke.”

Rafiki zangu wananiambia niitume barua yako kwa mama. Mwandiko ni wako, sahihi ni yako, na mama angesaini fomu siku hiyohiyo. Nimekaa nayo siku nne nikifikiri. Sikuinakili. Nimeirudisha, iko ndani ya bahasha hii, hesabu kurasa, ni mbili.

Nikimpelekea mama, atajua kwa kuwa mimi nimekushtaki. Nataka ajue kwa kuwa wewe umesema. Inawezekana ninafanya ujinga. Inawezekana utaichoma barua hii na ile, tarehe 14 itapita, nami nitakuwa wa sanaa. Kama ni hivyo, nitajua ni nani niliyekuwa namshikia tochi bandani akifanya kazi.

Fomu iko kwa mama, chini ya kitambaa cha meza.

Yusra


Mazinde,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa mpwa wangu Yusra.

Marahaba. Mfungo unakwenda. Huku joto kali, visima vimeshuka.

Barua yako Lukasi aliniletea Jumatatu. Hakunitania. Nadhani niliifungulia mbele yake na akaniona uso.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Bwana Dhaval. Alikuwa bandani, anazungusha kile kidirisha cha kushoto, fungua, funga, fungua, funga, kama mtoto aliyepata kitu. Nikamwambia, “Bosi, yule msichana hakushika tupa. Ni mimi niliyekaza skrubu kupita kiasi, naye amejaribu plastiki juu ya paa la jikoni shuleni kwao ikapasuka vilevile. Na hizo unazochezea nilizilegeza siku ileile ili usijue.”

Akakifunga, akaondoa mkono. Kisha akasema, “Jabiri, kioo nimekwishaagiza kingine. Fundi asiyenidanganya nitamwagiza wapi?”

Akaniambia niache funguo kwa Lukasi. Kesho Jumatatu naanza korona.

Nilitoka hapo nikapanda gari mpaka Kwamndolwa. Dada Hamisa, mama yako, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa, au labda alinikaribisha sikusikia. Alipomaliza kusikiliza alisema, “Rudia.” Nikarudia. Akaendelea kuchagua mawe. Bibi yako alikuwa ndani anasikia, akakohoa mara moja tu.

Dada akatoa fomu chini ya kitambaa. Kalamu haikuandika. Akasema, “Nenda dukani ukanunue kalamu.” Nikaenda, nikarudi. Akasaini, akanipa fomu, akasema, “Ulinifanya nimwambie mwanangu maneno ambayo sijui nitayarudisha vipi. Ipeleke mwenyewe. Usimpe kondakta.”

Muadhini alikuwa karibu kuadhini. Sufuria la futari liko jikoni, naliona linatoa moshi. Dada akasimama, akanifungulia mlango wa nje, akaushika mpaka nikatoka. Miaka hamsini na moja ya umri wangu sijawahi kutoka nyumba ya dada yangu saa ya kufuturu. Nilifungua kwa maji, stendi, nimekaa juu ya gunia la mtu.

Alhamisi niliileta fomu Handeni, nikamwachia mlinzi wa getini. Aliniuliza kama nataka kukuona. Nikasema hapana. Nilisikia kengele, nikaona wasichana wanatoka madarasani, nikaondoka haraka kabla sijakutambua.

Kurasa zangu mbili nilizikuta ndani ya bahasha. Sikuzichoma. Niko nazo.

Kumwomba radhi mtoto sikufundishwa, maneno yake siyajui. Naandika haya ninayoyajua. Ni mimi niliyekaza. Msasa wako ulikuwa mzuri.

Jabiri


Handeni,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kwa Mjomba Jabiri.

Shikamoo mjomba. Natumaini mzima. Tumerudi shule tangu wiki iliyopita baada ya likizo fupi. Mvua imefika Handeni, na njia ya kwenda kwenye bomba imekuwa tope tupu. Bibi macho yake yametibiwa, sasa anaona mpaka asivyotakiwa kuona. Wale mbuzi pacha wanakula kanga zilizoanikwa.

Fomu niliipata Alhamisi ileile. Mlinzi aliniambia aliyeileta ni mzee anayechechemea kidogo. Nilikimbia mpaka getini, ulikuwa umekwishaondoka. Sijui ningekuambia nini. Sidhani lingekuwa neno zuri.

Nimeingia mchepuo wa sayansi. Wiki tisa zilikwishapita bila mimi. Mwalimu Kasmiri ananipa madaftari ya wenzangu, nanakili wakati wa michezo, na jaribio la kwanza nimepata arobaini na moja kwa mia. Sijawahi kupata arobaini na moja. Nilipoiona hiyo karatasi nilikukasirikia upya kabisa, kama vile nimesikia habari leo.

Idd nilikuwa nyumbani. Mama alipika pilau, akapakua sahani yako kama kila mwaka, akaifunika kawa. Hukuja. Bibi akauliza, “Jabiri yuko wapi?” Mama akasema, “Ana kazi.” Ilipofika alasiri akaifunua sahani akawagawia watoto wa jirani. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe.

Siku iliyofuata mama aliniita chumbani akafunga mlango. Aliniambia, “Nilimwamini yeye kwa sababu ni mdogo wangu, na wewe sikukuuliza hata mara moja.” Kisha akanipaka mafuta kichwani, akanisuka, ingawa nilikuwa nimeshasukwa.

Watu wanaweza kudhani nimefurahi kwamba umerudi kwenye korona. Sijafurahi. Nikifikiria mikono yako na yale maji ya mkonge, naweka kijiko chini. Lakini sikukurudisha mimi, na sitajifanya kwamba ni mimi ili ujisikie vizuri. Uliandika yaishe. Hayajaisha. Naweza kukusikitikia na kukukasirikia siku moja, nimejaribu, inawezekana.

Kuna habari nyingine. Kioo kipya kinafika mwezi wa sita. Mhandisi Isaka atakifunga mwenyewe, na Bwana Dhaval alimweleza yaliyotokea. Mhandisi alimpigia mama simu nikiwa nyumbani. Alisema amesikia kuna msichana aliyepasua plastiki juu ya paa la jikoni ili kujua ukweli, na kwamba kama mzazi anaruhusu, anamhitaji kwa siku nne za likizo, apige msasa kingo za matundu na aandike kila nati imezungushwa kiasi gani. Mama aliuliza mara tatu kama nitapewa chakula, kwa sababu hakujua aulize nini kingine.

Amekubali. Nitalala kwa mke wa Lukasi. Mama amekataa nilale kwako.

Sikumbishia.

Mpwa wako,
Yusra